Je, Damu ya Nyangumi Yaweza Kutuhesabia Wazee Wake?



Tarehe 25 ya mwezi wa saba, mwaka wa 2003, gazeti la elimu liitwalo Science lilichapa andiko fupi la mabwana wawili wa Marekani, Joe Roman na Stephen Palumbi. Kurasa zake ni tatu tu, lakini mabishano yake hayajaisha hata leo. Mabwana hao walisema hivi: mbele ya watu kuanza kuwavua nyangumi, bahari ya Atlantika ya Kaskazini ilikuwa na nyangumi wenye nundu karibu 240,000, nyangumi wa pezi karibu 360,000, na nyangumi wadogo waitwao minke karibu 265,000. Wakati walipoandika, wenye nundu waliobaki katika bahari ile walihesabiwa kuwa karibu 10,000, wa pezi 56,000, na minke 149,000.

Walizipata wapi hesabu hizo za zamani? Si katika vitabu vya wavuvi. Vitabu hivyo, vikijumlishwa, huonyesha wenye nundu wapatao 20,000 hivi, si 240,000. Mabwana hao walizipata katika mwili wa nyangumi wanaoishi sasa, ni kusema katika ADN, ule urithi ambao kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake.

Mutu atauliza: jambo hili latuhusu nini, sisi tunaokaa mbali na bahari ya barafu? Kwanza, haliko mbali sana kama tunavyodhani. Nyangumi wenye nundu wa upande wa kusini huja kila mwaka kuzaa katika maji ya moto ya pwani za Gabon, Kongo na Angola. Nguva, ambaye naye ni nyama wa maji mwenye kunyonyesha, anaishi katika muto wetu karibu na Muanda. Na wenye elimu wametambua kwamba katika nyama wote wa inchi kavu, aliye ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko, yule yule tunayemwona katika Lualaba. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, walimu na wakatekista huulizwa na vijana: «Elimu imesema hivi; je, ni kweli?» Haifai kujibu «ndiyo» kwa sababu gazeti ni kubwa, wala «hapana» kwa sababu jambo ni geni. Inafaa kulichunguza andiko lenyewe: limesimama juu ya nini, na linaweza kubeba muzigo gani.

I. WANAVYOHESABU

Sehemu moja ndogo ya ADN, ile ya mitokondri, hutoka kwa mama peke yake. Baba hampi mutoto wake kitu cha sehemu hiyo. Wasomaji wa kabila zinazofwata ukoo wa mama, kama vile Wabemba na Watabwa, wataelewa upesi: ni kama jina la ukoo ambalo mama huwarithisha watoto wote, lakini mabinti tu ndio wanaolipeleka mbele.

Sasa, mara chache sana, herufi moja ya urithi huo hubadilika mama anapoupeleka kwa mutoto. Binti aliyepokea badiliko hilo ataliacha kwa mabinti zake, na hivi ukoo mupya umezaliwa. Lakini koo hufwa vilevile. Mama akizaa watoto wanaume tu, ao mabinti wake wakifwa bila kuzaa, ukoo wake unakwisha. Katika kijiji cha mama kumi, ukoo waweza kupotea katika vizazi vichache. Katika inchi yenye mama elfu kumi, koo nyingi hudumu kwa muda murefu sana. Basi kanuni yao ni hii: palipo koo nyingi zenye kutofautiana sana, palikuwa na mama wengi. Ukijua wingi wa tofauti, na ukijua upesi wa herufi kubadilika, unaweza kukadiria hesabu ya mama waliozaa. Kiisha unaongeza madume, unaongeza wadogo wasiozaa bado, na unapata hesabu ya kundi zima.

Kanuni hiyo si uongo. Imejaribiwa katika viumbe wengi. Na mabwana Roman na Palumbi wanastahili sifa kwa mambo mawili.

La kwanza, walileta shahidi wa kuwapima wao wenyewe. Shahidi huyo ni minke. Nyangumi huyo mudogo hakuvuliwa kwa muda murefu na kwa ukali kama wenzake wakubwa. Kwa hiyo hesabu yake ya zamani haipaswi kuwa mbali sana na ya sasa. Na kweli, hesabu ya ADN ilikuwa 265,000, na ya macho 149,000. Haifiki hata mara mbili. Lakini kwa wenye nundu tofauti inapita mara ishirini. Hivi ndivyo mutu mwenye akili hutengeneza hoja: huweka karibu na jambo lenye mashaka jambo lingine linaloweza kumusaliti.

La pili, walituonya tusiviamini mno vitabu vya wavuvi. Onyo hilo ni la haki. Katika miaka ya 1990 wenye elimu wa Urusi, mumoja wao akiwa Alexei Yablokov, walitangaza kwamba baada ya vita ya pili merikebu za Umoja wa Kisovieti ziliua nyangumi wengi sana bila kuwaandika katika hesabu zilizopelekwa kwa mataifa. Tena muvuvi wa karne ya 17 ao ya 18 hakuandika nyangumi aliyejeruhiwa akaenda kufwa mbali. Kitabu cha muuzaji hakionyeshi hasara yote ya muuziwa.

Basi tunakubali musingi. Lakini nyumba nzima je?

II. SAA INAYOTEMBEA UPESI ZAIDI

Udhaifu wa kwanza ni wa saa. Tumesema: kupata hesabu ya mama, yapasa kujua upesi wa herufi kubadilika. Herufi zikibadilika polepole, tofauti tulizo nazo zinahitaji mama wengi sana. Herufi zikibadilika upesi, tofauti zile zile zinaweza kutoka kwa mama wachache. Ukikosea saa kwa nusu, umekosea hesabu yote mara mbili.

Wanaipimaje saa hiyo? Kwa mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Wanatafuta wakati ambapo koo mbili za nyangumi zilitengana, kisha wanagawanya tofauti zao kwa miaka. Lakini muda murefu kama huo huficha mambo. Herufi moja ikibadilika mara mbili ao tatu pahali pale pale, sisi tunaona badiliko moja tu. Kwa hiyo saa iliyopimwa hivyo huonekana kuwa ya polepole kuliko ilivyo kweli.

Na hapa tunapaswa kumusifu bwana Palumbi. Mwaka wa 2009 yeye mwenyewe, pamoja na bibi Elizabeth Alter, alichapa uchunguzi mupya uliolinganisha sehemu mbili za mitokondri ya nyangumi. Walionyesha kwamba sehemu iliyotumiwa mwaka wa 2003 hubadilika upesi kuliko walivyokadiria. Mwaka wa 2013 Kristen Ruegg na wenzake, Palumbi akiwa kati yao, walirudi kwa nyangumi wenye nundu, sasa wakitazama pia ADN inayotoka kwa baba na mama. Hesabu yao mpya ilikuwa karibu 112,000. Tena waliandika wazi kwamba kweli yaweza kuwa po pote kati ya 45,000 na 235,000.

Msomaji, tazama vizuri mupaka huo. Ukubwa wa chini na ukubwa wa juu wanapishana mara tano. Mwaka wa 2003 watu wengi walishika 240,000 kama hesabu ya kondoo zizini. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kadirio, na kadirio bila mipaka yake ni nusu ya ukweli.

III. HESABU HIYO NI YA WAKATI GANI?

Udhaifu wa pili ni mukubwa zaidi, na ndio unaotuleta kwenye kiini cha jambo. Hata kama saa ingekuwa sawa kabisa, tungeuliza: mama hao wote waliishi lini?

Tufikiri vijiji viwili. Cha kwanza ni kijiji cha pembeni ya ziwa la Tanganyika, kilichopigwa na ugonjwa wa usingizi mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba kumi zimebaki, lakini katika nyumba hizo utapata koo tisa. Mutu akisema: «Hapa palikuwa na watu wengi», amesema kweli. Ugonjwa uliwaua watu, lakini vizazi havijapita vya kutosha kuzimaliza koo. Hivi ndivyo walivyofikiri Roman na Palumbi juu ya nyangumi: chuma cha muvuvi kimeua upesi, na tofauti za urithi zinakumbuka bado wingi wa zamani.

Cha pili ni kambi ya wafanyakazi wa Union Minière kule Katanga. Watu walitoka Kasai, Maniema, Luapula, hata Rwanda. Katika njia moja ya kambi utakuta koo nyingi kuliko katika inchi nzima ya sultani wa zamani. Mutu asiyejua habari, akihesabu koo hizo, atasema: «Tangu kale hapa palikuwa na ufalme mukubwa.» Naye atakosa, kwa maana Lubumbashi yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1910. Koo nyingi zilionyesha tu kwamba watu wa fasi nyingi walikutana pamoja.

Basi, nyangumi wa Atlantika wanafanana na kijiji gani? Hapo ndipo hali ya hewa ya zamani inapoingia.

Wenye elimu wanajua kwa hakika kwamba dunia imepita katika majira marefu ya baridi na ya joto, yakifwatana. Baridi kali ya mwisho ilifika kilele chake miaka 20,000 hivi iliyopita. Maji mengi yaligeuka barafu juu ya inchi kavu, na bahari ikashuka karibu metre 120 chini ya kimo cha leo. Barafu ilifunika kaskazini ya Ulaya na ya Amerika. Baadaye joto likarudi, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda. Mambo hayo hayakuwa ya mara moja. Yalirudi mara nyingi kabla yake. Na tofauti za urithi tunazozisoma leo katika nyangumi si kitabu cha juzi. Zimekusanyika katika makumi ya maelfu ya miaka, hata mamia ya maelfu. Kwa hiyo hesabu ya Roman na Palumbi ni kama wastani wa muda huo wote. Sio picha ya asubuhi ile ambayo muvuvi wa kwanza alitupa chusa chake.

Hali ya hewa iliwatendea nini nyama wa bahari? Mambo matatu, na kila moja linabadilisha usomaji wetu.

Jambo la kwanza: iliwagawanya na kuwakutanisha tena. Barafu ikifunga njia, makundi hutengana, na kila moja linapata koo zake kwa siri. Barafu ikiondoka, makundi huchanganyika. Sasa kundi lililoungana lina tofauti nyingi, ingawa vichwa vyake havikuwa vingi kamwe. Ni kambi ya Union Minière tena. Ndiyo sababu Ruegg na wenzake walilazimika kuwatazama wenye nundu wa bahari nyingine pia, kwa maana nyangumi wachache wa upande mumoja wa dunia waweza kuingia upande mwingine na kuleta koo zao. Ukiwasahau wageni, unawahesabu kama wenyeji.

Jambo la pili: iliwahamisha. Nyangumi wa Groenland hukaa leo katika bahari ya barafu ya kaskazini kabisa. Lakini mifupa yake ya wakati wa baridi ile imepatikana katika bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Uholanzi. Mwaka wa 2013 Andrew Foote na wenzake walisoma ADN katika mifupa hiyo ya kale. Walionyesha kwamba barafu iliporudi nyuma, nyangumi hawa waliifwata makao yao kwenda kaskazini, na koo zao za kale ziliponea. Tena wakaongezeka pale maji mapya yalipofunguka. Hapa hali ya hewa haikuwa adui, ilikuwa mulango.

Jambo la tatu: iliwapa makao na kuyanyanganya. Mufano ulio wazi kuliko yote ni wa tembo wa bahari wa kusini, foki wakubwa wenye pua kama mukonga mufupi. Kwenye pwani ya Bahari ya Ross, kule Antarktika, hawazai leo. Kuna barafu tupu. Lakini katika muchanga wa pwani ile kumepatikana ngozi na manyoya yao, yaliyokauka kwa baridi. Mark de Bruyn na wenzake waliyasoma na kuyachapa mwaka wa 2009. Habari yake ni hii. Miaka 8,000 hivi iliyopita barafu iliondoka pwani, na tembo wa bahari walifika upesi. Asili yao ni kisiwa cha Macquarie, mbali kilometre 2,500. Wakaongezeka sana, koo zao zikawa nyingi. Miaka 1,000 hivi iliyopita barafu ikarudi. Makao yakafungwa, kundi likatoweka, na sehemu kubwa ya tofauti zao za urithi ikapotea pamoja nalo. Hakuna merikebu, hakuna muvuvi, hakuna bunduki. Kundi kubwa lilizaliwa na kufwa kwa mwendo wa barafu peke yake.

Sasa turudi kwa andiko letu. Kama kundi la nyangumi laweza kuongezeka na kupungua hivyo bila mukono wa mutu, basi kutoa hesabu ya sasa katika hesabu ya ADN, na kusema tofauti yote ni damu iliyomwagwa na wavuvi, ni kuruka daraja moja la hoja. Mwaka wa 2022 Andrea Cabrera na wenzake walichapa uchunguzi wa nyangumi wa namna mbalimbali pamoja na samaki na vidudu vya bahari wanavyokula. Walionyesha kwamba baridi ile ilipokwisha, hesabu za nyangumi zilibadilika sana pamoja na za chakula chao. Andiko la 2003 lilichukua bahari kama chungu chenye ukubwa ule ule siku zote. Chungu hicho kilikuwa kinapanuka na kujikunja.

Nyangumi wa rangi ya majivu, wa bahari ya Pasifiki, anatupa fundisho hilo hilo. Mwaka wa 2007 Alter, Rynes na Palumbi walikadiria kwa ADN kwamba zamani walikuwa karibu 96,000. Wakati huo walikuwa 22,000 hivi. Lakini nyangumi huyu hula wadudu wa tope, chini ya maji mafupi ya Bering na kaskazini yake. Wakati wa baridi kuu, bahari iliposhuka metre 120, sehemu kubwa ya fasi hizo ilikuwa inchi kavu. Nicholas Pyenson na David Lindberg waliuliza mwaka wa 2011: basi walikula nini? Wakajibu kwamba ilipasa wawe na vyakula vingine pia, la sivyo wasingeponea. Na siku zetu wenyewe zimeongeza neno. Mwaka wa 2016 nyangumi hao walihesabiwa karibu 27,000. Mwaka wa 2023 walikuwa karibu 14,500. Hakuna merikebu kubwa za uvuvi zilizowaangusha hivyo. Chakula chao cha kaskazini kilibadilika. Kama katika miaka saba kundi linaweza kushuka karibu nusu, nani atasema kwa hakika lilikuwa sawasawa katika miaka elfu kumi?

IV. KOSA LA UPANDE WA PILI

Lakini tujihazari. Mutu anayekimbia simba asiingie katika shimo la nyoka. Wako wanaosikia mambo haya na kufurahi: «Kumbe! Ni barafu, si sisi.» Hoja hiyo ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Tumutazame tembo wa bahari wa kaskazini, wa pwani za California na Mexico. Katika karne ya 19 aliuawa kwa ajili ya mafuta yake. Mwisho wa karne ile walibaki makumi machache tu, labda ishirini hivi, kwenye kisiwa cha Guadalupe. Mexico iliwalinda tangu mwaka wa 1922, na leo wamepita 200,000. Wengi sana! Lakini mwaka wa 1974 Michael Bonnell na Robert Selander walitafuta tofauti za urithi katika damu yao, wasione hata moja katika sehemu walizopima. Baadaye, katika mitokondri, zilionekana koo mbili tu. Umaskini huo haukuletwa na barafu. Ni kazi ya mikono ya watu, na tarehe zake zinajulikana. Vichwa vimerudi, koo hazikurudi.

Tena kuna vakita, pomboo mudogo anayeishi katika ghuba ya California tu. Wamebaki wapatao kumi. Urithi wake una tofauti chache sana, na watu walisema: «Amekwisha kwa asili yake, hata tukimulinda, atakufwa.» Mwaka wa 2021 Phillip Morin na wenzake walisoma ADN yake yote. Waliona kwamba umaskini huo ni wa kale, zaidi ya miaka 200,000, na katika muda huo wote vakita aliishi vizuri. Mwaka wa 2022 Jacqueline Robinson na wenzake walionyesha kwamba akiachwa bila kunaswa katika nyavu, anaweza kupona. Basi hapa kusoma historia ya kale hakuwapi watu udhuru, kunawaondolea. Kinachomuua vakita ni nyavu zinazotegewa samaki aitwaye totoaba.

Na narwali, nyangumi wa Aktiki mwenye jino refu kama pembe, anathibitisha jambo hilo. Michael Westbury na wenzake walionyesha mwaka wa 2019 kwamba tofauti zake za urithi ni chache tangu kale, na hata hivyo wako zaidi ya 100,000. Tofauti chache si lazima ziwe alama ya kundi dogo la sasa. Tofauti nyingi si lazima ziwe alama ya kundi kubwa la jana. Kila nyama apewe kesi yake.

V. KINACHOSHINDANIWA

Msomaji asiwaze kwamba haya ni mabishano ya shule tu. Mwaka wa 1982 Halmashauri ya mataifa juu ya uvuvi wa nyangumi iliamua kusimamisha uvuvi wa biashara, na amri ikaanza kutumika katika majira ya 1985-1986. Lakini Halmashauri hiyo imetengeneza pia kanuni ya kesho: kundi lisivuliwe kama liko chini ya 54 kwa mia ya wingi ambao bahari inaweza kuulisha.

Tufanye hesabu. Kama wenye nundu wa Atlantika ya Kaskazini walikuwa 20,000, mupaka ni 10,800, na walipohesabiwa 10,000 mulango ulikuwa karibu kufunguka. Kama walikuwa 240,000, mupaka ni 129,600, na mulango ulikuwa mbali sana kufunguka. Kama walikuwa 112,000, mupaka ni 60,480. Hivi herufi chache za ADN, na saa iliyopimwa vibaya ao vizuri, zinaweza kumaanisha uzima ao mauti ya maelfu ya nyangumi, na kazi ao njaa ya wavuvi. Norway, Iceland na Japani, ambayo ilitoka katika Halmashauri mwaka wa 2019, zinajua vizuri bei ya hesabu hizo.

Kuna hatari mbili. Mutu aliyeiba mbuzi kumi akihukumiwa kwa mbuzi mia, haki haikutendeka. Naye atatumia kosa la hakimu ili asilipe hata wale kumi. Na aliyeiba mia akihukumiwa kwa kumi, mwenye mbuzi ameibiwa mara ya pili. Wapenda nyangumi walioshika hesabu kubwa bila mipaka yake waliwapa adui zao silaha. Hesabu iliposhuka, wengine walisema: «Mnaona? Walitudanganya.» Lakini hata hesabu ya chini kabisa ya 2013, ni kusema 45,000, inapita mara mbili ile ya vitabu vya wavuvi. Na hakuna barafu iliyoua nyangumi karibu milioni tatu waliouawa na merikebu katika karne ya 20. Hesabu hiyo haikutoka katika ADN. Imetoka katika vitabu vya makampuni na katika siri zilizofunuliwa.

VI. MWISHO: HUKUMU YETU

Tunasemaje basi juu ya andiko la 2003?

Ni andiko jema lenye swali kubwa kuliko jibu lake. Lilikuwa na haki kuuliza kama vitabu vya wavuvi vilituficha bahari iliyojaa. Lilikuwa na haki kutafuta shahidi katika mwili wa nyangumi wenyewe, na kumuweka minke awe kipimo. Lilikosa pale lilipotoa hesabu ya wastani wa zamani za kale sana kama hesabu ya jana, na pale lilipoifanya bahari isiyotulia kuwa bahari iliyotulia. Lakini makosa hayo yalionekana kwa njia gani? Kwa njia ya kazi ambayo andiko lenyewe liliianzisha, na sehemu kubwa kwa mikono ya mumoja wa waandishi wake. Andiko linalozaa wasahihishaji wake halikuandikwa bure.

Wale watakaofundisha wayashike maswali matatu, maana yanafaa kwa nyangumi na kwa mambo mengine mengi. Ukisikia hesabu, uliza: mipaka yake ni ipi? Ukisikia habari ya zamani, uliza: zamani gani, ya babu zetu ao ya barafu? Ukisikia «nani ameharibu», uliza kama shahidi aliyeitwa aliona tendo lenyewe, ao aliona tu nyumba ikiwa tupu.

Nyangumi wenye nundu watarudi tena mwaka huu kuzaa karibu na mulango wa muto wetu. Katika mwili wao wamebeba kitabu cha barafu na cha joto, cha kutengana na kukutana, na kurasa zake za mwisho zina alama ya chusa. Kazi ya musomaji mwaminifu ni kutozichanganya kurasa hizo: yaliyo ya barafu tuyaache kwa barafu, na yaliyo yetu tuyalipe.